Aliyekuwa Akifagia Darini

Mwaka huu, majani yalipoanza kupukutika, Esperance alinipigia simu kutoka Columbus akaniambia mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba binti yake Neema anatimiza miaka kumi na minane, na kwamba ile filamu ya nyumba yenye mzimu, ile ya fagio, itaonyeshwa kwenye jumba la zamani la sinema karibu na kwake, Ijumaa saa nane mchana. "Neema ameshanunua tiketi tatu," akasema. "Bon, utakuja ao hautakuja?" Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu Highview, Louisville, sombe, majani ya muhogo, iko motoni, na nikasahau kukoroga mpaka niliposikia harufu ya kuungua. Miaka kumi na tisa tumekutana kwenye harusi na misiba, tumekumbatiana, tumeulizana habari za watoto na za magoti, na hata siku moja Esperance hakuwahi kuitaja filamu ile. Mimi nimeitazama labda mara thelathini. Yeye hakuwahi kuiona hata dakika moja, na bado ndiyo iliyotutenganisha. Nilimwambia nitakuja. Nikaomba ruhusa ya siku mbili kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikaendesha gari kwenda kaskazini huku nikijiuliza njia nzima ni kitu gani mtu anayeogopa mizimu anakitafuta kwa mzimu aliyemkimbia akiwa msichana.

Mwaka tulipotengana niliuishi Buffalo, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Esperance alikuwa na ishirini na mmoja. Hatukuwa ndugu wa damu, ila tulitoka milima ile ile ya Kivu ya Kusini, tulikaa kambi ile ile, na kanisa lililotupokea lilituhesabu kama mapacha. Tulipanga ghorofa ya kati katika nyumba ya mbao, moja ya zile nyumba nyembamba ndefu za Buffalo zilizosimama bega kwa bega kama watu wanaosubiri zamu kliniki. Chini aliishi mwenye nyumba, mjane wa miaka sabini na kitu ambaye sisi tulimwita Mama Doroti. Katikati tulikuwa sisi. Juu yetu palikuwa na dari yenye chumba kimoja, ambacho tuliambiwa kimefungwa. Ngazi za nyuma zilipanda kutoka jikoni kwa Mama Doroti, zikapita mlango wa jikoni kwetu, zikaishia huko darini. Nyumba ile ilikuwa na sauti zake. Mabomba ya joto yaligonga kama mtu anayetwanga. Sakafu ililia hata pasipo na mtu. Na sauti za chini zilipanda kupitia tundu la sakafuni karibu na kitanda changu, kiasi kwamba nilimsikia Mama Doroti akizungumza na televisheni yake, akiikemea, akiicheka, na Jumamosi alasiri akiiambia kitu kimoja kila wiki, kwa sauti ya kubembeleza: "Usipande huko. Mwanangu, usipande huko."

Ndiyo iliyonishusha chini, ile sauti. Mimi tangu utoto nina ugonjwa wa kutaka kujua. Nilifanya kazi kiwandani Tonawanda, nikipanga vifuniko vya plastiki kwenye masanduku kuanzia alfajiri, na saa tisa mchana nilikuwa nimemaliza. Esperance alifua na kukunja mashuka kwenye nyumba ya wazee kule Kenmore, kuanzia saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo siku za kazi tulipishana mlangoni tu. Tulikutana kwenye masufuria. Aliniachia ugali umefunikwa na sahani na ndagala, dagaa wa kwetu, wa nyanya, mimi nikamwachia maharage. Jumamosi alikuwa kazini tangu asubuhi, na nyumba ilikuwa yangu peke yangu pamoja na sauti zile. Jumamosi moja nilishuka ngazi za nyuma nikabisha. Mama Doroti alifungua akiwa ameshika kijiko, akanitazama, akasema kitu ambacho sikukielewa, kisha akavuta kiti. Kulikuwa na supu ya kabichi, na maandazi madogo ya kuchemsha yenye viazi ndani, na kwenye televisheni kulikuwa na picha nyeusi na nyeupe ya nyumba kubwa kuliko kanisa.

Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha maneno mia mbili, na mengi yalikuwa ya kiwandani. Kwa hiyo filamu ile niliielewa kwanza kwa macho. Daktari mmoja na mke wake na mtoto wao wa kike wanahamia kwenye nyumba ya kale waliyorithi. Kila alasiri, saa ile ile, mama anasikia mtu anafagia juu, mahali ambapo hapaishi mtu. Shaa, shaa, shaa. Anapanda. Hakuna mtu. Sakafu ni safi. Hilo tu. Hakuna damu, hakuna meno, hakuna mkono unaotoka kaburini. Wiki inapita, sakafu za nyumba nzima zinaanza kuwa safi bila mtu kuzigusa, na yule mama anaanza kukonda. Mwisho daktari anavunja ukuta wa chumba cha juu, wanakuta kichumba kidogo kama kabati, ndani yake godoro, viatu vya kike na fagio lililochakaa hadi kwenye mpini. Familia inaondoka kwa gari, na gari linapoteremka tunasikia tena: shaa, shaa, shaa. Mama Doroti alizima akageuka kunitazama, kama mtu aliyekupikia chakula anavyokutazama ukimeza tonge la kwanza. Nilitafuta maneno katika yale mia mbili. Nikamuuliza: "Jina lake nani? Mwanamke wa fagio?"

Alikunja uso. Akarudisha kanda ya video nyuma, tukaanza kusoma majina yanayopanda mwishoni, yeye akisimamisha picha kwa kila mstari na mimi nikisoma kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Daktari alikuwa na jina. Mke, mtoto, wakili, mwenye duka, wote walikuwa na majina. Mbwa alikuwa na jina. Mwenye fagio hakuwemo. "Labda kwa sababu hakuna aliyemuigiza," Mama Doroti akasema polepole ili nimuelewe. "Ni sauti tu." Nikamwambia lakini viatu ni vya mtu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniongezea supu bila kuniuliza. Baadaye, nilipoanza kazi ya kuhudumia wazee, nilikuja kujua ule ukimya ni wa namna gani, wa mtu ambaye umemgusa mahali bila kujua kwamba hapo pana kidonda. Siku ile nilidhani tu Kiingereza changu kimekosea. Tangu hapo kila Jumamosi nilishuka. Tulitazama filamu nyingine pia, lakini ile tuliirudia rudia, na kila mara nilijifunza maneno mapya: mrithi, ngazi, ukuta, vumbi, nani yuko huko.

Nilifanya kosa la kumsimulia Esperance. Nilimsimulia jikoni, kwa furaha, hata nikaigiza sauti ya fagio kwa kukwaruza mkeka kwa kiganja. Aliacha kula. "Mapendo, wewe uko unaleta bitu gani mu nyumba?" akasema. "Hiyo si muvi. Hiyo ni mulango. Ukiifungua, batu banaingia." Nilicheka. Nilimwambia kwetu wenyewe bibi zetu walisimulia habari za majini ya mito mpaka tukakojoa kitandani, na hakuna lililoingia. Hakucheka. Wiki mbili baadaye nilimkuta ameketi kitandani, koti limefungwa mpaka shingoni ingawa mabomba yalikuwa ya moto, Biblia mapajani. Aliniambia kwamba saa nane mchana, akiwa anajitayarisha kwenda kazini, amesikia mtu anafagia darini.

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Ukweli ni kwamba nilisisimka. Nilimuuliza maswali kama polisi: Sauti ilianzia upande gani? Ilikuwa ya fagio la nyasi au la nyuzi? Ilisimama ghafla, au taratibu? Alinitazama kwa mshangao. "Mimi nakuambia kuko kitu, wewe unauliza aina ya fagio?" Siku zile za katikati ya wiki mimi sikuwa nyumbani saa nane, kwa hiyo sikuweza kusikia. Esperance alisikia Jumatatu, akasikia Alhamisi, akasikia tena. Akaanza kulala na taa. Akaanza kwenda Kenmore mapema, saa mbili nzima kabla ya zamu, akikaa kwenye chumba cha wafanyakazi, badala ya kubaki peke yake. Na akaanza kukaa muda mrefu kwenye simu na shangazi yake wa Columbus, mlango umefungwa, sauti chini. Nilidhani wanaomba pamoja.

Kisha theluji ikaja ile ya Buffalo isiyo na adabu, iliyofika kwenye vioo vya madirisha, na kiwanda kikafungwa. Esperance alikuwa amekwama Kenmore tangu jana yake. Saa nane mchana nilikuwa nimekaa jikoni na kikombe cha chai ya maziwa, nikisoma barua ya shule ya Kiingereza, na nikasikia. Shaa, shaa, shaa. Kwanza nywele zilinisimama. Sitajifanya shujaa, niliita jina la Yesu mara tatu. Lakini miguu yangu ilikuwa tayari inafungua mlango wa nyuma. Ngazi zilikuwa baridi, na kulikuwa na alama za unyevu kwenye kila kidato, ndogo, za mtu anayekanyaga mguu mmoja kisha kuuleta wa pili pembeni yake. Nikafuata. Mlango wa chumba cha darini ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na kitanda cha chuma kimetandikwa, kiti kimoja, dirisha lililozibwa na theluji, na Mama Doroti ameinama akifagia sakafu isiyokuwa na hata punje ya vumbi.

Hakushtuka. Alisema tu, "Funga mlango, joto linatoka," ingawa hapakuwa na joto lolote mle. Nikafunga, nikakaa kwenye kiti. Yeye alikaa kitandani akihema. Kwa Kiingereza chepesi, akirudia kila alipoona nimepotea, alinisimulia. Alizaliwa katika nyumba ile, wakati ikiwa ya familia moja, baba yake akiwa daktari wa meno. Chumba kile kilikuwa cha msichana wa kazi aliyeitwa Ada. Ada ndiye aliyemlea, aliyemsuka, aliyempulizia uji. Doroti alipokuwa na miaka minane, Ada alimchukua kwa siri kwenda sinema, kwa sababu Ada alikuwa na rafiki wa kiume aliyekuwa akionana naye huko, na hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Filamu ilikuwa ile ile. Ada alimnunulia peremende akamwapisha asiseme. Usiku mtoto aliota ndoto mbaya, na asubuhi, kwenye chai, akasema yote: sinema, fagio, na yule mwanamume. Mama yake alimfukuza Ada kabla ya saa sita. "Lakini hakuondoka mara moja," Mama Doroti akasema. "Alipanda huku. Nilikuwa chini ya meza ya jikoni, nikamsikia anafagia chumba. Alikifagia chote. Kisha akashuka kwa mlango wa nyuma, na mimi sikutoka chini ya meza."

Nilimuuliza jina la pili la Ada. Hakulijua. Nilimuuliza alitoka wapi. Kusini, labda. Alikuwa ameuliza akiwa mtu mzima, lakini wazazi wake walikuwa wamekufa na hakuna daftari lililomwandika. Aliniambia kwamba tangu mumewe afariki hupanda mara mbili tatu kwa wiki, goti likimruhusu, na kufagia. Sijui kama ilikuwa toba au mazoea. Nadhani mwenyewe hakujua. Tulishuka pamoja, mimi mbele, nyuma yangu mkono wake umenishika bega, kidato kwa kidato, na nikamkaanga mayai kwa vitunguu na pilipili kidogo, akala akitokwa na machozi ambayo alisema ni ya pilipili.

Esperance aliporudi kutoka Kenmore nilimpokea na habari njema. Nilisema, "Dada, mzimu wako ni Mama Doroti! Niko nimemuona kwa macho yangu!" Nikamwambia yote, Ada, sinema, meza. Alisikiliza akiwa amesimama, buti zikimwaga maji sakafuni. Nilitarajia aketi, acheke, tupike. Badala yake uso wake ulifungwa kama mlango. "Bon," akasema. "Na Jumatano?" Nikauliza Jumatano gani. "Jumatano ya juma lililopita. Yule mama alikuwa wapi?" Nikakumbuka: Jumatano ile Mama Doroti alikuwa amepelekwa hospitali kwa ajili ya macho, aliondoka asubuhi kwa gari la jirani na kurudi usiku na kitambaa jichoni. "Donc," Esperance akasema, "Jumatano saa nane mimi nilikuwa hapa. Na nilisikia. Huyo alikuwa nani?"

Naona aibu kukiri jinsi nilivyolipenda swali lile. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo Tonawanda, likanifanya nikosee hesabu ya vifuniko. Esperance hakuwa mtu wa kutunga. Alikuwa yule anayerudi dukani kueleza kwamba keshia amemrudishia zaidi. Kama alisikia, basi kulikuwa na kitu cha kusikika. Lakini wakati mimi nikijiuliza, yeye alikuwa amekwenda kwa Mama Pasta, mke wa mchungaji wetu, ambaye kwetu alikuwa mama na baba na ofisi ya serikali. Mama Pasta alikuja Jumapili baada ya ibada na wanawake wawili. Waliniweka mimi jikoni nichemshe chai, wakafunga mlango wa sebule, na kwa kuwa milango ya nyumba ile haikuwahi kufunga vizuri, nilisikia kila neno. "Nani alileta hiyo muvi?" Mama Pasta aliuliza. "Esperance, mutoto wangu, nani?" Na sauti ya Esperance, nyembamba: "Ni Mapendo. Anashukaka chini kila Jumamosi. Banaiangalia na yule muzungu." Sufuria ya maziwa ilifurika jikoni nikaiacha ifurike.

Waliniombea siku ile sebuleni, mikono minne kichwani, na sikukataa, kwani maombi hayakuwahi kumdhuru mtu. Kilichoniuma ni kilichofuata. Nilikuwa naongoza sauti ya kwanza katika kwaya. Mama Pasta, bila ukali, akishika mkono wangu, aliniambia nipumzike kuimba "mpaka nyumba itulie." Nilikaa kwenye viti vya nyuma miezi saba. Watu walinisalimu vizuri, na walivuta watoto wao karibu kidogo. Na kuhusu Esperance iliamuliwa haraka: msichana hawezi kubaki kwenye nyumba ya namna ile, aende kwa shangazi yake Columbus. Alifungasha asubuhi moja. Tulisimama kwenye ngazi za mbele, yeye akiwa na begi la kamba na sufuria yetu kubwa, nami nikamwambia aichukue, mimi peke yangu sufuria kubwa ya nini. Alinikumbatia kwa nguvu sana. "Unisamehe," alisema. Nilidhani anaomba radhi kwa kuogopa.

Baada ya hapo nilishuka chini karibu kila siku, kwa kuwa juu palikuwa kimya mno. Jioni moja Mama Doroti aliniuliza kwa nini rafiki yangu ameondoka, na nikamwambia ukweli kama nilivyoujua: kwamba aliogopa, kwa sababu alisikia mtu akifagia darini Jumatano ile, siku ya hospitali. Nilikuwa nikiosha vyombo, nimempa mgongo. Nikageuka. Mama Doroti alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza, viganja vimefunguka. "Jumatano?" akauliza. "Mimi nikiwa sipo?" Nikaitikia. "Ana hakika?" Nikasema ana hakika. Akatazama juu, kwenye dari, muda mrefu, na uso wake ukalegea namna ambayo sikuwahi kuiona. "Basi amerudi mwenyewe," alisema. "Mtu harudi kufagia nyumba ya anayemchukia." Hakupanda tena darini tangu siku ile. Goti lake halikuwa sababu. Alisema sakafu ina mwenyewe. Niliishi naye miaka mitatu zaidi, nikaacha kiwanda ili nimhudumie, nikajifunza kumgeuza kitandani, kumkata kucha, kumsomea. Kazi ambayo mpaka leo inanilisha niliijulia kwake. Wiki zake za mwisho alizungumza na Ada kwa furaha, kama mtu anayepiga soga na jirani wa ng'ambo ya ua. Alipokufa nilihamia Louisville, ambako hakuna aliyejua kwamba niliwahi kuwekwa viti vya nyuma.

Ijumaa ile ya Columbus tulikuwa watu labda kumi na watano ndani ya jumba la sinema lenye viti vya mahameli vilivyochanika. Neema aliketi katikati yetu na ndoo ya bisi. Nilikuwa nikimtazama Esperance zaidi kuliko filamu. Mwanzoni alishika mkono wa kiti. Fagio lilipoanza, aliinama mbele. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, anacheka kimya, machozi yanatoka, mpaka Neema akamuuliza kwa Kiingereza kama yuko sawa. Picha ilipoisha na majina yakapanda, tulibaki tumekaa. Neema akasema kwa Kiingereza kwamba haikutisha hata kidogo, na akatoka kwenda kujibu simu ya rafiki zake. Esperance alijifuta uso kwa mtandio.

"Mapendo," akasema, "Jumatano ile sikusikia kitu."

Sikuelewa. Nilimuuliza anasema nini.

"Sikusikia kitu. Mara ya kwanza, ndiyo, nilisikia na niliogopa kabisa. Mara ya pili nilifungua mulango wa nyuma kidogo, nikamuona yule mama anapanda na fagio. Nilijua tangu siku ile. Lakini mimi nilikuwa na Papa Neema huku Columbus, na Mama Pasta alikuwa amesema hapana, yule ni Mukatoliki, na binti hatoki mu kanisa bila sababu. Donc nilikuwa natafuta sababu." Alivuta pumzi. "Wewe ukaja na hadisi ya muvi. Halafu ukaja tena, unaniambia ni Mama Doroti, na nikaona sababu yangu inakufa. Nikatupa ile neno ya Jumatano. Ilitoka tu mu kinywa. Nilifikiri watakuombea mara moja, iishe. Habari ya kwaya nilisikia nyuma, nikiwa nimeshaolewa. Nikaona haya ya kukupigia. Mwaka ukapita, mingine ikapita."

Watu wa usafi walikuwa wameingia wakiokota vikopo. Nilitaka kukasirika na nilikasirika, lakini hasira haikuwa peke yake. Kulikuwa na kitu kama msiba ndani yake. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimeitunza ile Jumatano. Nimewahi kuisimulia kwa wagonjwa wangu, nimeigeuza upande huu na ule nikiendesha gari peke yangu, kwa sababu katika maisha yangu yote ndiyo kitu kimoja ambacho sikuwahi kukipatia maelezo. Sasa kilikuwa na maelezo, na maelezo yenyewe yalikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja anayetaka kuolewa. Ningemlaumuje msichana huyo? Lakini pia nilikuwapo mimi wa miaka ishirini na miwili, kwenye viti vya nyuma, nikifumba mdomo wakati sauti ya kwanza inaimbwa vibaya na mtu mwingine. Na huyo mimi wa zamani hakuwa na mtu wa kumsemea isipokuwa mimi.

Ndipo nikamwambia asilolijua. Nilimwambia juu ya Mama Doroti na viganja vyake mezani, kwamba aliacha kufagia, kwamba alikufa akiamini amesamehewa. Esperance aliweka mkono mdomoni. "Kwa ajili ya ile neno yangu?" Nikasema ndiyo, kwa ajili ya lile neno. "Mungu wangu," akasema. "Sasa ile ni zambi ao si zambi?" Nilimwambia hilo sijui, na kwamba nadhani hata Mama Pasta hajui.

"Na kwako?" akauliza. "Kwako nimekosa. Hiyo najua. Mapendo, unisamehe."

Sisi tumefundishwa kujibu haraka. Mtu akisema unisamehe, unasema imekwisha, unamshika mkono, mnaomba, mnakula. Niliufungua mdomo kusema hivyo, nikaufunga. Niliona kwamba miaka kumi na tisa inastahili heshima kidogo, hata kama ni ya siku mbili. "Nipe mpaka Jumapili," nikamwambia. Alianza kucheka, kisha akaona sicheki, akaitikia kwa kichwa. Tukatoka nje, kwenye mwanga uliotuumiza macho. Neema alitupeleka nyumbani, na njia nzima ni yeye tu aliyezungumza.

Nilipaswa kurudi Louisville Jumamosi mchana. Asubuhi nikapiga simu kazini, nikabadilishana zamu na mwenzangu mmoja Mtanzania, ambaye hakuniuliza sababu. Jumamosi ile tulikaa kama wageni wenye adabu. Alinionyesha picha za harusi ambazo sikuwahi kuziona. Nilimwona yule mume, marehemu sasa, kijana mwenye masikio makubwa na tabasamu la mtu aliyeshinda kitu, na nikaelewa kidogo. Jumapili niliamka kabla yao, nikaingia jikoni kwake, nikatafuta sukari kwenye kabati la kwanza, la pili, la tatu. Nilikuwa nimeshabandika chai na nimekata mkate alipotokea mlangoni na kanga yake begani, macho yamevimba. Hakuingia. Alisimama pale akishika fremu ya mlango.

"Leo ni Jumapili, sivyo?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, ni Jumapili, na aje akae, chai inapoa.